Masikio ya Kavata na Kipimo Changu

Nyinyi mnaoanza kazi kiwandani mwezi huu, meneja wenu alinipigia simu akasema, "Mama Shiru, waandikie vijana kitu kidogo cha kuwatia moyo." Nilicheka mpaka nikakohoa. Mimi si mtu wa kutia moyo, mimi ni mtu wa kukata mbao. Nimekata shingo za magitaa na besi katika kiwanda hicho mpaka nikastaafu, na vumbi lake bado linanitoka puani nikipata mafua. Kwa hivyo nitawaandikia kitu kimoja tu, na mtanisamehe kama hakitawatia moyo.

Nilimfanya msichana afutwe kazi kwa sababu alisikia kosa langu. Mbaya zaidi, nilimfanya aamini kwamba masikio yake ni mabovu. Mpaka leo nikikumbuka nikiwa jikoni nachuja chai, nasimama na chujio mkononi kama mtu aliyepigwa kofi. Jina lake ni Kavata. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika, akaniambia, "Waambie yote, na usijifiche." Haya, sijifichi.

Lakini lazima mjue kwanza gitaa la umeme ni nini, maana hata mimi sikujua. Niliingia hapo kama mfagiaji. Lile godauni lilikuwa kando ya Waiyaki Way, chini kidogo ya Mountain View, na malori yakipita kuta zilitetemeka. Siku ya kwanza nikaona ubao mzito umechongwa umbo la gitaa, mgumu pande zote, bila tundu, bila tumbo. Nikauliza, "Sasa hii sauti itatoka wapi?" Wanaume wakacheka. Kulikuwa na mzee mmoja hakucheka, Mzee Mulwa, fundi mkuu, Mkamba wa upande wa Machakos aliyeanza maisha kwa kuchonga vinyago. Akachukua gitaa lililokwisha, akapiga uzi mmoja. Kikatoka kisauti kama cha jino la kitana. Kisha akachomeka waya kwenye spika, akapiga tena.

Haiya! Niliangusha ufagio. Nilidhani paa limekuja chini.

Akanionyesha zile sumaku zilizokaa chini ya nyuzi, zimezungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu. Akasema uzi ukitetemeka, sumaku inasikia, inapeleka kwa spika. "Mbao haiimbi hapa, Mama Shiru. Mbao inashikilia tu. Lakini ukikosea hapa juu kwa shingo, umeme hautakufichia. Utapaza kosa lako mpaka jirani asikie." Sikuelewa alichosema. Nilielewa baadaye sana, na nililipia.

Mzee Mulwa ndiye aliyenitoa kwa ufagio. Alinifundisha kujua mbao mbichi kwa kuiweka shavuni: ikiwa baridi kuliko hewa, bado ina maji. Na kwa sababu shavu linaweza kudanganya, alipima kila gogo kwa mizani kila Jumatatu na kuandika uzito kwa chaki. Uzito ukiacha kushuka wiki tatu mfululizo, ndipo mbao inaguswa. Mimi na haraka zangu, mwaka wangu wa kwanza nikachukua ubao ambao ulikuwa bado unashuka, nikatengeneza nao shingo ya besi. Na besi si mchezo, nyuzi zake nene zinavuta kama ng'ombe aliyefungwa. Wiki mbili, shingo imepinda kama ndizi. Mzee hakunigombeza. Aliifunga kamba akaining'iniza juu ya meza yangu, na kila mgeni akija kiwandani alimwambia, "Hiyo ndizi ni ya Mama Shiru." Ilikaa hapo mpaka Pasaka.

Sasa tuje kwa kipimo.

Mnajua freti, vile vyuma vyembamba vilivyolala kwenye shingo. Umbali kati ya chuma na chuma si wa kubahatisha. Unaanza mkubwa karibu na mfupa, kile kipande cheupe nyuzi zinapopita huko juu, halafu unapungua kidogo kidogo ukishuka. Ukikosea, gitaa halitaimba sawa hata likishikwa na malaika. Siku hizi mna ile mashine ya kompyuta. Nilipokuja kuwatembelea nikaiona ikikata shingo nzima peke yake, na mtu amekaa kando anakunywa chai! Nilishtuka, sitadanganya. Sisi tulikata kwa kipimo, utepe wa alumini wenye mikato pembeni. Unafunga ubao juu yake, mkato unaingia kwenye pini ya meza, unasukuma, msumeno unachora mfereji mmoja. Unasogeza kwa mkato unaofuata. Mara ishirini na mbili kwa kila gitaa, mkono mmoja, pumzi moja.

Vile vipimo tulivyotumia kila siku tuliviita watoto. Vya magitaa vyote vilizaliwa na kimoja, Mama, na besi zilikuwa na Mama yao; wa magitaa ndiye Mzee Mulwa alikikata mwenyewe kwa kupima freti zote kutoka kwa mfupa. "Usipime chuma kutoka kwa jirani yake," alisema. "Kosa la jirani utalirithi." Mama alikaa ndani ya kabati, amefungwa kwa kitambaa cha fulana, na ufunguo ulikaa kwenye mfuko wa shati la Mzee. Na sheria ilikuwa moja, hata mfagiaji aliijua: mtoto hazai. Kipimo kikiisha, unakata kipya kutoka kwa Mama, hukati kutoka kwa mtoto. Mtoto amechakaa, ameanguka, amepigwa tupa na mtu usiyemjua.

Mwaka huo, wiki chache kabla ya Krismasi, ndugu yake Mzee Mulwa akafariki. Mzee akaenda nyumbani kuzika, na ufunguo ukaenda naye kwenye shati. Na siku ya pili yake mtoto wangu wa magitaa akachoka kabisa, mikato imekuwa mviringo, pini inacheza ndani. Maduka ya River Road yalikuwa yanapiga simu kila saa yakitaka magitaa ya Krismasi. Ningempigia Mzee simu matangani? Ningevunja kabati? Nikafikiria nikaona mimi ni fundi, nimeiva, mkono wangu hautikisiki. Nikachukua alumini mpya, nikailaza juu ya yule mtoto mzee, nikachora, nikakata. Kilitoka kizuri, kinang'aa. Nikajipongeza na maandazi mawili.

Nilijiambia Mzee akirudi nitakilinganisha na Mama. Alirudi amekonda, haongei, nikaona haya kumsumbua. Ikapita wiki, ukapita mwezi. Ningesema nilisahau, lakini sikusahau. Niliacha tu kukumbuka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa shuleni, ila hatukuambiwa kwamba wakati mwingine guu linalovunjika ni la mwingine.

Ndipo akaja Kavata.

Aliajiriwa kuwa mtu wa mwisho, yule anayefunga nyuzi, anatuni, anapiga, halafu anasema hili liende sokoni au lirudi. Msichana wa Kangemi, mama yake Mkamba wa Kitui, na alikuwa anapiga besi kanisani kwao. Mwembamba, mpole, lakini masikio! Wiki ya kwanza alinipigia kelele kutoka mwisho wa godauni, mashine zote zinanguruma, "Mama Shiru, msumeno wako umevunjika jino!" Nikamwambia aende huko, mimi nautumia huu msumeno kila siku. Nikauzima, nikahesabu meno. Moja halipo. Kwa hivyo msije mkafikiri sikujua masikio yake. Nilijua.

Yule aliyekuwa hapo kabla yake hakutumia masikio. Alikuwa na kile kimashine cha kutuni, ukipiga uzi taa inakuwa nyekundu ama kijani. Alipima uzi ukiwa wazi, bila kidole, halafu alipima chuma cha kumi na mbili, ambacho ni nusu ya uzi. Kijani na kijani, gitaa linaenda. Na mnajua zile skrubu za daraja, pale nyuzi zinaposhikwa kule chini? Zinaweza kusogeza uzi mpaka hizo sehemu mbili zikubali. Lakini zile za katikati, pale juu karibu na mfupa ambapo kila anayejifunza huweka vidole vyake, hakuna aliyepima.

Kavata alishika G, mpangilio wa vidole ambao anayejifunza huanza nao, akapiga. Nyuzi zote sita. Akapiga tena, akaweka gitaa kwenye rafu ya kukataliwa. La pili hivyo hivyo. La tatu. Kufika mchana rafu imejaa, na wale wa rangi wamekuja juu.

"Kavata, unatufanyia nini?" mmoja akauliza. "Hizi zimetuni. Ona taa, kijani!"

"Hiyo taa haisikii," Kavata akasema. "Hii gitaa inadanganya. Ukiwacha nyuzi wazi iko sawa. Ukishika G inakuwa chungu."

"Chungu? Kwani unaionja?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Na kulikuwa na jambo lingine: besi zote alizipitisha. Besi zilikuwa na kipimo chao, mtoto halali wa Mama yao, lakini nani alifikiria hivyo? Watu walisema anapendelea besi kwa sababu ndiyo anapiga kanisani. Kwa wiki tano alikataa magitaa, na kwa wiki tano tulimwangalia kama mtu anayetumwagia mchanga kwenye ugali.

Meneja wa wakati huo, si huyu wenu, akatuita ofisini. Tulikuwa watatu: yeye, Kavata na mimi. Mzee Mulwa alikuwa amerudi kwao kwa mambo ya shamba la marehemu. Gitaa limelala mezani. Meneja akaniuliza, "Mama Shiru, wewe ndiye unakata freti. Kuna shida na kipimo?"

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Wakati huo huo nilikumbuka. Nilikumbuka alumini, nikakumbuka maandazi, nikakumbuka sikuwahi kulinganisha. Ilinipitia kichwani kama nzi, nikaifukuza. Kwa sababu huyu ni mtoto wa juzi, na mimi nimekata shingo kabla hajazaliwa, na ataniuliza mimi?

"Kipimo changu hakijawahi kukosea," nikasema.

Nikachukua kile kimashine, nikakibandika kwa gitaa, nikapiga uzi wazi. Kijani. Nikashika chuma cha kumi na mbili. Kijani. Nikamgeuzia Kavata aone.

"Mama Shiru, shika G," akasema. "Tafadhali. Wacha kuangalia taa, sikiliza tu."

Nikashika G, nikapiga. Niliisikia? Sijui. Nilisikia nilichotaka. Nikamwambia, "Iko sawa kabisa. Labda uende hospitali wakuoshe masikio."

Meneja akacheka. Kavata aliangalia lile gitaa, kisha akashika sikio lake la kushoto, akalibana, akaliachilia, kama mtu anayejaribu redio. Halafu akasema kwa sauti ya chini sana, "Labda ni mimi." Meneja alimfuta kazi, na aproni akairudisha siku hiyo hiyo. Na mimi nikarudi kwenye msumeno wangu nikakata zingine.

Miezi minane ikapita. Kile kipimo changu kikachakaa nacho, na safari hii Mzee Mulwa alikuwepo, ufunguo mfukoni, kwa hivyo nikafuata sheria kama mtoto mzuri. Alifungua kitambaa, akamtoa Mama, akamlaza mezani. Mimi, bila kufikiria, nikaweka kipimo changu juu yake, tu kuona kimechakaa kiasi gani.

Hawakulingana.

Niliwapanga tena. Nikafuta vumbi, nikawapanga tena. Chuma cha kwanza mpaka cha mwisho walikubaliana vizuri, lakini pale mwanzoni, pale mfupa unapokaa, kipimo changu kilikuwa kifupi. Kama unene wa kifungo cha shati. Kumbe, niliambiwa baadaye, yule mtoto mzee aliwahi kuanguka kwenye simiti, akapinda ncha, na mtu akampiga tupa akanyooka. Nafasi ya kwanza ikapungua, na mimi nikaizaa tena, safi, inang'aa. Magitaa yote ya miezi hiyo.

Nilikaa chini hapo hapo kwenye vumbi la mbao. Masikio yangu yalikuwa yanavuma, na nilichosikia ndani ya mvumo ni, "Labda ni mimi. Labda ni mimi."

"Wuui!" Mzee Mulwa akasema. "Nani alikata hii?"

Hakuna aliyeniona nikikikata. Ningeweza kusema sijui, nilikikuta tu mezani. Niliufungua mdomo na kwa sekunde moja sikujua kitatoka nini.

"Ni mimi, Mzee. Ukiwa matangani."

Hakunipigia kelele. Alimfunga Mama kwenye kitambaa polepole, halafu akaniuliza, "Na yule msichana aliyekuwa anakataa?"

Kesho yake sikuja kazini. Nilienda Kangemi, nikauliza kanisani kwao, wakanionyesha nyumba. Mama yake alinifungulia. Nilipotaja nilikotoka uso wake ukaanguka. "Hapigi tena," akasema. "Aliwaambia kwaya masikio yake yameharibika. Nimempeleka kwa daktari mara mbili, daktari anasema hakuna kitu. Lakini yeye anasema hasikii vizuri. Usiku akisikia redio ya jirani ananiuliza, mama, hiyo iko sawa ama imepinda?" Aliniambia Kavata ameajiriwa River Road, duka la bawaba na vitasa.

Nilimpata nyuma ya kaunta. Kulikuwa na mteja anataka kufuli. "Kufuli ya inchi ngapi?" Kavata akauliza. Mteja akasema. "Rudia," Kavata akasema. Akarudia. "Samahani, rudia tena." Msichana aliyesikia jino la msumeno katika godauni zima sasa hakuamini hata neno la mtu aliyesimama mbele yake! Nilitaka ardhi inimeze, na River Road vile imejaa watu hata ardhi haina nafasi.

Nikafungua gazeti nililobeba. Nilikuwa nimemwomba Mzee Mulwa Mama, na akanipa, kitu ambacho hajawahi kumpa mtu. Nikaweka Mama kwenye kaunta, na kipimo changu juu yake. Kavata hakuangalia kwanza. Alipitisha ukucha wake pembeni, taratibu, mpaka ukafika mwisho. Ukucha ukakwama.

"Hiki cha juu ni chako?" akauliza.

"Ni changu."

"Ndicho kilikata zile?"

"Zote."

Mteja aliyetaka kufuli alikuwa bado amesimama hapo. Kisha Kavata akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimeomba njiani kote asiliulize. "Ulijua?"

"Sikujua kimekosea. Nilijua sikukikata kutoka kwa Mama."

"Siku ile ofisini. Ulijua hiyo?"

"Nilijua."

"Na ukaniambia niende nikaoshwe masikio."

"Ndio, Kavata."

Nilidhani atanitukana. Ningependa anitukane. Alichukua kufuli kwenye rafu, akamhudumia yule mteja, akamrudishia chenji yake. Halafu akasema, "Mimi niliwaambia watu wote kanisani kwamba nimeharibika. Wote. Jumapili utakuja uwaambie."

Mimi nina kanisa langu, na sijawahi kusimama mbele ya watu hata kusema asante. Lakini Jumapili nilisimama. Mchungaji alinipa maikrofoni na mkono wangu, huu mkono niliojisifia, ulikuwa unatikisika mpaka spika ikapiga kelele. Nikasema, "Mimi naitwa Mama Shiru. Nilikata kipimo kwa njia ya mkato, nikaharibu magitaa. Kavata alisikia. Mimi nikasema ni masikio yake. Masikio yake ni mazima. Ni mimi nilidanganya." Mama yake akaanza kulia kwa sauti. Kiongozi wa kwaya, ambaye niliambiwa ndiye aliyetafuta mtu wa kushika besi mahali pake, aliinama akaangalia viatu vyake.

Kavata hakuinuka. Hakukimbilia besi, hakutabasamu, hakunikumbatia. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kukumbatiwa, nitawaambia ukweli. Ibada ikaisha, akanikuta mlangoni.

"Asante," akasema. "Na wale wengine?"

"Wengine gani?"

"Walionunua. Zile ulikata baada yangu, na zile zilipita kabla sijakuja. Kuna watu wamezishika, wanapiga G, inakuwa chungu, na wanaambiwa hawana sikio. Hao nani atawaambia?"

Haki ya Mungu, sikuwa nimefikiria. Kwa siku hizo zote nilikuwa nafikiria kipimo, halafu nafikiria Kavata, halafu nafikiria aibu yangu. Sikuwa nimefikiria hata mtu mmoja mwenye gitaa mkononi.

Meneja alikubali magitaa yaliyokuwa stoo yarudishwe mezani kwangu, na akamwomba Kavata arudi. Alirudi kwa sharti moja: akisema hapana, laini inasimama mpaka kipimo kilazwe juu ya Mama. Ndiyo maana mpaka leo mnalinganisha kila Jumatatu, hata na hiyo mashine yenu ya kompyuta. Mkiona inawapotezea wakati, sasa mnajua ilitoka wapi. Yale yaliyokuwa yameuzwa tuliyatafuta mimi na yeye, Jumamosi kwa Jumamosi. Tulipita duka kwa duka River Road, na wenye maduka wakatuambia hawaandiki majina ya wateja. Mmoja tu alimkumbuka mteja, tukaenda mpaka Spring Valley kwenye nyumba moja yenye geti refu, mama mwenye nyumba akatuambia gitaa liko stoo, mtoto alihamishiwa kuogelea kwa sababu mwalimu alisema muziki si wake. Tulilichukua, nikabandua ubao wa shingo, nikagundisha mpya, tukalirudisha. Mtoto alikuwa ameshaenda shule ya bweni.

Nimestaafu, lakini kazi hiyo sijaistaafu. Naifanya kwenye veranda yangu hapa Mountain View, na Kavata hupita kutuni. Mengine yamekuja, mengi hayajaja.

Mwezi uliopita alikuja mwanamume, mwalimu wa shule ya msingi, ana mvi kidogo, amebeba gitaa kwenye gunia. Alisema si lake tena, ni la binti yake, anataka nyuzi mpya tu. Niliangalia nafasi ya kwanza nikaijua kabla sijapima. Nikamwambia vyuma vilikatwa vibaya tangu kiwandani, nitavikata upya, arudi baada ya wiki. Aliporudi, Kavata alikuwa ameshalituni, akampa ajaribu. Akasema yeye hajui kupiga, alijaribu kitambo akashindwa, wenzake wa kwaya walimwambia aache. Lakini vidole vyake vilikumbuka. Alishika G, akapiga.

Akaondoa mkono kwenye nyuzi haraka, kama mtu aliyeungua. Akapiga tena. Akaiacha ilie mpaka ikaisha yenyewe.

"Kwa hivyo haikuwa mimi," akasema.

Kavata akatikisa kichwa. "Haikuwa wewe."

"Nani alikata vibaya mara ya kwanza?"

Nikamwambia ni mimi. Alinitazama. Sijui alikuwa anatafuta nini usoni mwangu. Kisha akaliweka gitaa kwenye kiti, akachukua koti lake, akafungua geti akaenda, na sikuweza kumwita kwa sababu sikujua jina lake, nilikuwa nimeandika tu "mwalimu" kwenye karatasi.

Hajarudi. Gitaa liko hapa sebuleni, la bluu, na Kavata huliangalia kila akija kuona kama bado limetuni. Nyinyi ni wengi na mnatoka kila mtaa. Kama kuna mwalimu mnayemjua ambaye aliambiwa aache muziki, na ana binti, mwambieni liko tayari, na mimi niko nyumbani kila siku.